Daftari la Q la Mzee Nurdini

"Babu, hili neno maana yake nini?"

Najiat alikuwa na miaka tisa siku hiyo, na kidole chake kilikuwa na mafuta ya karanga. Alikibandika juu ya neno la kumi na saba katika ukurasa wa kwanza wa daftari, likabaki doa la mviringo ambalo halikutoka tena. Neno lenyewe lilikuwa QUOIN. Mzee Nurdini alilitazama. Alizijua herufi zake zote tano kama anavyowajua majirani zake wa Itetemia, nani hutembea na nani, nani haonekani bila nani. Alijua Q haitoki nje bila U, kama bibi harusi na somo wake. Maana yake, hakuijua.

Angeweza kusema hivyo hivyo, yakaisha. Badala yake alicheka, akamwambia, "Neno ni mgeni, mjukuu wangu. Mgeni haulizwi habari kabla hajanywa maji."

Tabora ni mji uliolea wageni tangu enzi za misafara ya wapagazi, na jibu la namna hiyo hupita kila mlango bila kubisha hodi. Najiat aliridhika, akarudi kwenye karanga zake. Bi Batuli, mke wa mzee, alikuwa anapeta mchele pale pale barazani. Alimtupia mumewe jicho la upande, akaendelea kupeta.

Mtu akisikia kuna mzee aliyeishia darasa la nne mwenye daftari zima la maneno ya Kiingereza yenye Q, na jingine la X, atadhani labda aliwahi kuwa karani wa reli au mpishi wa Mzungu. Wala. Mzee Nurdini alikuwa mpanga herufi. Kwa miaka thelathini na moja alisimama katika kiwanda kidogo cha uchapaji mjini Tabora, mbele ya kasha la mbao lenye vyumba vingi vidogo, kila chumba na herufi yake ya risasi. Aliziokota moja moja, akazipanga kichwa chini miguu juu, mpaka zikawa kadi ya harusi, au fomu ya hospitali, au tangazo la kituo cha kununulia tumbaku Urambo. Kidole gumba chake kilijua kazi kuliko macho. Kila herufi ilikuwa na mfuo mdogo ubavuni, na gumba likiugusa mfuo huo hujua kama herufi imekaa sawa au imegeuka.

Tabu ilikuwa hesabu ya herufi zenyewe. Ziliagizwa Ulaya, zikaja zimegawanywa kwa mahitaji ya Kiingereza: E za kumwaga, T za kumwaga, K kiduchu. Sasa Mswahili bila K atasema nini? Hawezi hata kukohoa. Ndiyo maana mpanga herufi wa Tabora alilazimika kuwa fundi wa kutafuta maneno. K zikikaribia kwisha katikati ya ukurasa, Nurdini aliondoa "kaka" akaweka "ndugu", akawa ameokoa K mbili na A mbili kwa mpigo. Mwenye mali hakujua. Isipokuwa mara moja tu, alipochapa kadi ya harusi ya familia moja kubwa ya Gongoni, K zikamwishia kwenye mstari wa mwisho, akaondoa "Karibuni" akaweka "Njooni". Baba wa bwana harusi alikuja juu na kadi mkononi. Akamuuliza, "Nurdini, tunaalika watu hapa au tunaita kuku?"

Jioni, kazi ikiisha, kila herufi ilirudishwa chumbani kwake. Hapo ndipo Nurdini alipozionea huruma Q na X. A zilikuwa zimechakaa mpaka zimeota kibyongo. U zilikuwa na makovu. Lakini Q na X ziling'aa kama siku zilipotoka kwenye boksi, kwa sababu Kiswahili hakikuwa na haja nazo. Zilikuwa kama mabinti wazuri ambao hakuna anayekuja kuwaposa. Basi wakati mashine ikisubiri wino, akawa anachukua kamusi kuukuu iliyokuwa pale kiwandani, isiyo na jalada, anatafuta maneno yenye Q, anayapanga, anayatazama, halafu anayaandika daftarini kwa mkono wake kabla ya kuzirudisha herufi kashani. Alitaka tu zifanye kazi siku moja moja. Maana zake hakuziandika, kwa kuwa maana nayo ilikuwa ya Kiingereza. Utafunguaje sanduku ambalo ufunguo wake umo ndani?

Kiwanda kilipofungwa na risasi kuuzwa kama vyuma chakavu, aliruhusiwa kuondoka na kitu chochote kidogo. Alichukua kopo la maziwa lililojaa Q na X, na kabari moja ya mbao ya mninga. Kabari zilikuwa roho ya kazi. Ukurasa ukishapangwa, herufi huwekwa ndani ya fremu ya chuma, kisha kabari hupigiliwa pembeni kwa nyundo mpaka kila kitu kikazike. Usipokaza vizuri, ukiinua fremu, kazi ya siku nzima inamwagika sakafuni kama dengu. Kabari yake ile, iliyolainika kwa wino na viganja, sasa ilikuwa chini ya mguu mfupi wa meza ya barazani. Bila hiyo, chai ilikuwa haitulii kikombeni.

Watu wa mtaani walimwita Profesa. Alianza Lugembe, jirani yake kutoka Nzega, mtu wa maneno mengi, na jina likashika. Siku moja Lugembe alileta boksi la dawa akitaka asomewe maandishi ya Kizungu. Mzee Nurdini aliligeuza huku na huku, akasema macho yake hayana nguvu leo, afadhali aende kwa Shamimu wa duka la dawa, ndiyo kazi yake. Lugembe akaondoka akisema kwa sauti kwamba maprofesa nao bwana, wana maringo. Mzee akacheka naye. Jina linavyozidi kukua, ndivyo linavyozidi kuwa gumu kulivua.

Miaka sita ikapita. Najiat akafika kidato cha tatu, na shuleni kwao Mwalimu Mektilda, mwalimu wa Kiingereza, akaanzisha klabu ya mchezo wa maneno. Ni ule mchezo wa vibao vidogo vyenye herufi, kila mchezaji ana saba, unavipanga kwenye ubao wenye miraba, na kila herufi ina pointi zake. Seti ilikuwa moja kwa klabu nzima. Najiat akakata vibao vyake mwenyewe kutoka boksi la sabuni, akaviandika kwa kalamu ya wino mzito, akavimwaga kwenye meza ya babu.

Mzee Nurdini alivihesabu kwa mazoea ya kazi. Alipomaliza, akavihesabu tena.

"K moja?" akauliza. "Kwa mchezo mzima?"

"Moja tu, babu."

"Walewale," akasema, kama aliyekutana na mtu aliyemsumbua zamani.

Lakini Q ilikuwa na pointi kumi. Hapo mzee alifurahi kuliko alivyoonyesha. Q zake, zilizokaa miaka yote bila mposaji, kumbe kuna mahali zinathaminiwa kuliko A na E. Wakawa wanacheza kila Jumapili baada ya alasiri. Najiat alikaa upande mmoja, babu upande wa pili, na ubao haukuhitaji kugeuzwa kamwe, maana mzee alisoma maneno kichwa chini bila hata kukunja uso. Vibao vyake mwenyewe alivipanga miguu juu, na gumba lake lilikuwa likitafuta mfuo kwenye karatasi ngumu ya sabuni, halioni, linatafuta tena. Bi Batuli akipita na birika humtania mjukuu wake: "Mke mwenzangu, mshinde huyo, apungue kiburi."

Najiat akajifunza daftari lote la Q. Akawa anawafunga wenzake shuleni kama anavuna karanga. Watu wote aliwaambia vilevile: babu yangu ana maneno ambayo hata kamusi ya shule inayaonea haya, na yote anayajua. Kila sifa hiyo ilipomrudia, mzee alijisikia kama mtu aliyevaa kanzu ya kuazima na mwenye nayo yuko njiani anakuja.

Mwenye nayo alifika Alhamisi moja. Najiat alirudi kutoka shuleni akasema wanachaguliwa wawili kwenda Kigoma kwa treni, mashindano ya kanda. Mmoja ameshapatikana. Nafasi ya pili itachezewa Jumamosi ukumbini, yeye na Anton, kijana wa kutoka Igunga. Na Mwalimu Mektilda ameongeza sharti: ukibishiwa neno, useme maana yake, usiposema linaondolewa. Mwalimu hataki kasuku.

"Kwa hiyo babu, leo unanipa maana zote," akasema, akalifungua daftari. "Naona mgeni keshakunywa maji ya kutosha."

Pale mzee alifunguliwa mlango. Alichotakiwa kusema kilikuwa maneno mawili. Lakini binti alikuwa anamtazama kwa macho yale yale ya miaka tisa, na barazani Lugembe alikuwa amekaa anakunywa uji. Mzee akasema waanze na yale ambayo Najiat mwenyewe anayajua. Najiat akataja, moja moja: quiz, equip, squad, quilt, yote ya darasani. Yeye akawa anaitikia "ehee", "ndiyo hilo", kama mwalimu wa madrasa anayesikiliza juzuu aliyoihifadhi. Kidole kilipofika kwenye doa la karanga, akasema hilo watalifikia. Ikaadhiniwa magharibi. Hawakulifikia.

Jumamosi wazazi walialikwa. Mzee Nurdini alivaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia yake ya viua, akakaa safu ya pili, mkabala na Najiat, ubao katikati yao. Hakuna aliyejua kuwa kutoka pale aliweza kusoma kila kitu. Mchezo ulikwenda bega kwa bega. Anton alikuwa mtulivu, mwenye kufikiri kwa kutafuna kola ya shati. Ilipokaribia mwisho, mzee aliona vibao vya Najiat vinasogezwa: Q, kisha U. Akaomba moyoni iwe quit. Najiat akaviweka vitano, kimoja kimoja, kwa fahari: QUOIN.

Anton akalitazama, akatafuna kola. "Nabisha," akasema.

Mwalimu Mektilda akamuuliza Najiat maana. Najiat akageuza uso, akanyoosha mkono kuelekea safu ya pili. "Mimi imenitoka, mwalimu. Lakini babu yangu anaijua. Yule pale. Muulizeni."

Ukumbi mzima ukageuka. Mzee Nurdini alihisi jasho likimtambaa chini ya kofia. Hakukuwa na mahali pa kuweka mikono.

"Mtazamaji haruhusiwi kusema," Mwalimu Mektilda akatangaza. "Neno linaondolewa."

Na mzee akashusha pumzi. Alipumua kwa raha, kama mtu aliyekoswakoswa na gari. Kisha akamwona Najiat anaviokota vile vibao vitano kimoja kimoja, na ile raha yake ikageuka aibu. Mtoto ameanguka, na yeye amefurahi kwamba hakuonekana. Katika miaka yake sabini na nne hakukumbuka kujichukia namna ile.

Anton alishinda kwa pointi sita. Baadaye alimfuata mzee mlangoni, akainama kidogo. "Shikamoo babu."

"Marahaba."

"Babu usinielewe vibaya. Nilibisha tu. Hata mimi sikulijua."

Mzee akamshika bega, akamwambia amefanya sawa, awasalimie watu wa Kigoma. Njiani kuelekea Itetemia walivuka reli. Hapo Najiat akasema, bila kumtazama, kwamba mwalimu angemruhusu babu aseme, wale watu wangejua kitu. Alikuwa bado anamlinda. Mzee alitamani angemtukana.

Jumapili hawakucheza. Jumatatu asubuhi Mzee Nurdini alivaa tena kanzu, akachukua daftari kwapani, akamwambia mkewe anakwenda mjini mara moja. Alifika shuleni wakati wanafunzi wako darasani. Mwalimu Mektilda alimpokea kwa shikamoo, akamvutia kiti, na kwa haraka akaanza kueleza kwamba sharti ni sharti, nafasi imeshatolewa. Mzee akamzuia kwa kiganja. Hakuja kwa ajili ya nafasi.

"Mwalimu, nimekuja kusomewa," akasema. "Hili neno sijui maana yake. Na humu ndani, mengine yote ni vilevile."

Mwalimu alimtazama yeye, akatazama daftari: kurasa na kurasa, mwandiko ulionyooka kama umechapwa. Alikwenda kabatini akarudi na kamusi nene, akafungua, akafuata kwa kidole. Akasoma kwanza Kiingereza, polepole, halafu akaanza kukisia kwa Kiswahili. Ni kipande, akasema. Cha mbao, au cha chuma. Kimechongwa kama shoka, upande mmoja mwembamba. Kazi yake... hapa wanasema cha kukazia herufi za kuchapia, ndani ya fremu, zisimwagike.

Akainua macho. "Sijui kama umenielewa, mzee wangu. Mimi mwenyewe kitu chenyewe sijawahi kukiona."

Gumba la Mzee Nurdini lilikuwa likisugua ubavu wa daftari, juu na chini.

"Nimekuelewa," akasema mwishoni.

Mwalimu alijitolea amweleze Najiat yeye mwenyewe saa ya mapumziko. Mzee akakataa, akashukuru, akaomba asimwambie binti kwamba alikuja.

Barabara ya kurudi ilikuwa ile ile, lakini aliipita kama kijana. Kabari! Miaka yote ile ameigonga kwa nyundo asubuhi na jioni, na jina lake limelala daftarini mwake mwenyewe, neno la kumi na saba, wala hawakujuana. Alicheka peke yake mpaka muuza asali mmoja akampisha njia.

Alipofika alimsimulia Bi Batuli kila kitu, tangu ukumbini. Bi Batuli aliendelea kumenya mihogo.

"Kwamba hujui, mimi nimejua miaka arobaini," akasema. "Ulikuwa unanisomea barua za Kiingereza za dada yangu wa Nairobi kwa kunyamaza."

"Hukuniambia."

"Ungefanya nini? Sasa si umeshajua? Mtoto akirudi, mtolee hiyo kabari, mjibu, umalize. Abaki na profesa wake."

Lilikuwa shauri zuri, na mzee alilipenda sana. Alikaa barazani akilipanga moja moja kama anavyopanga mstari. Najiat angeingia. Yeye angeinama taratibu, angetoa kabari chini ya meza kama mchawi anayetoa njiwa, angesema: nilikuwa nakusubiri ukue. Wala usingekuwa uongo wote. Maana anayo kweli, kitu chenyewe kiko mguuni pake, na Kigoma nafasi imekwishakwenda. Nani angeumia? Aliupanga mstari ule mara tatu, na kila alipofika mwisho aliuona ule mkono mdogo ulionyooshwa mbele ya ukumbi mzima. Babu yangu anaijua. Mstari ulikuwa umepangwa vizuri, ila haukukazika. Angeuinua tu, ungemwagika.

Najiat alirudi saa tisa na nusu, viatu vimejaa vumbi. Alitoa shikamoo, akatua begi. Juu ya meza vibao vya sabuni vilikuwa vimepangwa tayari, na daftari lilikuwa wazi kwenye ukurasa wa kwanza, kwenye doa. Alilitazama doa, akamtazama babu yake, akakaa mahali pake.

Mzee Nurdini akainama, akavuta kabari kutoka chini ya mguu wa meza. Meza ikalala upande, vibao vikaserereka vikaanguka sakafuni, K ile moja ikateleza mpaka miguuni kwa Bi Batuli. Hakuna aliyeviokota. Mzee aliifuta kabari kwa pindo la kanzu yake, akaiweka kwenye kiganja cha Najiat, akamfunga vidole juu yake.

"Uliniuliza una miaka tisa," akasema. "Maana yake ni hii. Ni kabari ya mpanga herufi, ya kushika maneno yasimwagike. Nimeishika mimi miaka thelathini na moja, na jina lake nimeliandika kwa mkono huu, wala sikujua kama ni lake. Juzi ukumbini sikuwa najua, Najiat. Nimejua leo, saa nne asubuhi. Nimesomewa na mwalimu wako."